Hakuna Tukio

Mama aliniuliza, vidole vyake vingali na magamba ya migebuka:
"Kwa hiyo wanakulipa kwa kuangalia maji?"
Nikasema ndiyo.
"Na mimi niliyeyaangalia miaka thelathini, nimdai nani?"

Tulikuwa tisa, Januari ile, ufukweni Bangwe,
tisa na filimbi moja tuliyopokezana kinywa kwa kinywa.
Koplo Sendwe wa Zimamoto alirusha tofali ziwani,
akasema: hilo lina mama yake. Kalilete.
Mita nne kwenda chini, masikio yanalia kama nzi ndani ya chupa.
Nililipa jina, Fidelisi, sijui kwa nini,
nikalikumbatia, nikapanda nalo.
"Umemshika kama umemwiba," akasema Koplo.
"Rudia. Uso wake uwe juu."
Mara kumi na moja nilimwokoa Fidelisi.

Wawili waliacha siku ya pili.
Ntahondi, fundi wa injini za boti,
aliyekulia Kibirizi mguu mmoja majini,
alishindwa na mdoli: bonyeza thelathini, pumzi mbili,
akacheka, akashindwa kuacha kucheka,
akachukua viatu vyake akaenda.
Mimi nilihesabu. Kuhesabu nakuweza.

Basi tuhesabu.
Laki moja na themanini kwa mwezi, alisema meneja wa hoteli,
bila kuinua macho kwenye simu.
Toa sare, elfu ishirini na tano.
Toa filimbi, elfu tatu, na ukiondoka unaiacha.
Toa bodaboda kutoka Ujiji, buku kwenda, buku kurudi,
siku ishirini na sita.
Inabaki laki, nayo bado haijanunua mafuta ya kupaka,
na jua la ziwani linakuchoma mara mbili,
moja kutoka juu, moja kutoka kwenye maji.
Chakula kipo: wali maharage, Ijumaa dagaa.
Mlinzi wa getini anapata zaidi, na kiti chake kina mgongo.
Nilitia sahihi kwa herufi kubwa.

Jumamosi moja ya Machi ikaja kwaya ya watoto kutoka Kasulu.
Ziwa walikuwa wameliona kwenye kalenda tu.
Waliingia ishirini na wawili, wakipiga kelele kama bata.
Nikahesabu vichwa: ishirini na kimoja.
Nikahesabu tena, kutoka upande wa pili,
ishirini na kimoja.

Filimbi.
Maji yetu ni maangavu, ndiyo ubaya wake:
unaona kila kokoto, unaona kwamba hayupo.
Samaki wa mawe, wale wenye mistari,
walinipisha kama watu wanavyompisha mfiwa.
Nikazama hapa, na hapa,
na pale penye giza, boti zinapofungwa,
nikipapasa matope kwa mikono miwili, nikitafuta kisigino, shati, chochote.
Nilipoibuka mara ya sita
nikasikia watu wanacheka.

Alikuwa nyuma ya choo. Lameki, miaka tisa,
anakula muhogo wa kuchoma.
Maji ni ya baridi, akasema.
Mwalimu wa kwaya akamzaba kofi.
Mimi nikaenda nyuma ya kreti za soda,
nikatapika maharage yote ya kampuni.

Jioni meneja akafungua daftari.
Waogeleaji: ishirini na wawili.
Waliookolewa?
Nywele zangu zilikuwa zinadondokea wino wake.
"Sufuri."
Akaandika, kama jana, kama juzi: Hakuna tukio.
Na ni hilo wanalonilipa tarehe thelathini.

Nilimpelekea Mama elfu arobaini, nikamsimulia.
Alizihesabu noti mara mbili,
mara ya pili kutoka chini,
akazifunga kwenye ncha ya khanga. Akanyamaza.
Kisha akaniuliza:
"Na ule muhogo, walimwacha akamaliza?"