Mstari wa Chokaa
(Hawes, Yorkshire)

Mwaka wa kwanza polisi waliwatimua:
baiskeli arobaini, barabara ya mfalme, kibali hakuna.
Babake Enoch Metcalfe akachora mstari mweupe
mbele ya duka la jibini.
Alipoulizwa, akasema unga umemwagika.

Kisha mashindano yakapata mdhamini: maziwa.
Baadaye biskuti. Baadaye benki, nayo ikafilisika.
Kila jina na fulana yake,
hatua kumi, kumi na mbili,
halafu miaka mitano kimya, nyasi tu na kondoo.

Kilima hakikubadili jina.
Swali lake ni lile lile: pumzi unazo?

Leo mshindi kapita, kamera imempima kwa unywele.
Enoch bado kashika ndoo.
Anamngoja wa mkia,
mnyororo ukilia mvuani,
amwonyeshe kwa kidole:
hapa.