Asilimia Sabini na Nane

Ilifika sabini na nane, ikasimama.
Tangu magharibi kiduara kinazunguka kiooni
kama mtu aliyeangusha pete gizani,
na chini yake amri: Usizime kompyuta yako.
Sikuizima mimi. Umeme ndio uliozima,
Mkomani nzima, hadi kwa muuza mofa.

Asubuhi nikabonyeza.
Feni ikakohoa. Kioo cheusi,
kistari kimoja cheupe kinapepesa pembeni,
kinapepesa,
kama jicho la mgeni asiyejua akae wapi.

Na mle ndani mna majina mia nne na kumi na mawili
ya harusi ya Swafiya, Ijumaa ijayo.
Mna nani asiketi karibu na nani.
Mna Bi Zena, aliyefutwa mara mbili akarudishwa mara tatu.
Mna deni la mchele, la samli, la matwari.
Nakala nyingine?
Usiniulize. Nikiulizwa nakala
nasikia kama naulizwa kama niliamka alfajiri.

Famau akaja, flashi shingoni kama hirizi.
“Shangazi, uliwasha masasisho usiku?”
Niliwasha. Iliniambia dakika chache.
“Zote husema hivyo.”

Akaingia kwa mlango wa nyuma:
kitufe cha nane, hakuna;
cha kumi na mbili, akakigonga mfululizo
kabla nembo haijatokeza.
Akataka kuirudisha ilikokuwa.
Ikakubali, ikaenda robo, ikagoma.
Akaisukuma mbele.
Ikagoma, ikajizima, ikajiwasha,
ikaomba radhi kwa maandishi ya buluu.

Bi Barke yuko dakani, anachambua mchele.
“Haendi mbele, harudi nyuma,” akasema,
“huyo namjua. Alinioa miaka kenda.”

Ilikuwa baada ya adhuhuri, chai imepoa na utando juu,
Famau alipoacha kubonyeza akatazama tu.
“Shangazi. Hapa leo ni tarehe ngapi?”
Pembeni, kwa herufi za kusinzia:
Januari mosi, elfu mbili na tisa.

Kumbe kijibetri cha ndani kimekufa,
na kila umeme ukikatika
mashine huamka mwaka ule ule.
Masasisho yana hati iliyotiwa sahihi juzi;
kwake juzi haijafika.
Imeona karatasi inayotoka kesho
ikaiita ya kughushi.
Ningekuwa mimi, ningekataa pia.
Elfu mbili na tisa Swafiya ana miaka sita,
hana meno ya mbele,
analala na kiatu kimoja mguuni.
Nani atamwamini anayekuletea
orodha ya harusi yake?

Betri yenyewe duara, kama shilingi.
Kwingine ungeitoa kwenye ufunguo wa gari.
Mji huu, ufunguo wa gari wa nani?
Dukani kuna za rimoti, za tochi, za saa ya ukutani.
Nikaishia kwa Badi sonara.
Akapindua mizani yake ndogo,
akaichokoa kwa ncha ya koleo,
akanipa ikiwa na joto la kiganja.
“Na dhahabu utapimia nini?”
“Macho. Mpaka Jumatatu.”

Famau akapachika, akaandika mwaka,
mwezi, saa, akaniuliza dakika
kana kwamba mimi ndiye mwenye nazo.
Kiduara kikaanza.
Sabini na sita. Sabini na saba.
Sabini na nane ikakaa, ikakaa,
Famau akafunga mdomo,
Bi Barke akaacha mchele.
Sabini na tisa.

Orodha ipo. Bi Zena yupo.
Printa ndiyo haitambuliki tena;
zimeishi meza moja miaka kumi,
leo zinaulizana majina.
Basi nimeketi na daftari la mistari
nanakili kwa mkono, wino umenichafua kidole,
nakala ya kwanza niliyowahi kuweka.
Nimefika mia nne na kumi na mawili.
Nimeongeza mmoja ambaye kompyuta haimjui:
Badi, wa mizani.