Akisema Naam

Tulitoka alfajiri,
Malindi ingali shwari,
mimi, Lali, na safari,
gari likinung'unia.

Mpwa wake, Bwanaheri,
aoa Lamu; fahari
ya mjomba ni dhahiri:
keki kumuandalia.

Alikesha akioka,
keki tabaka, tabaka,
hadi jogoo kawika,
wala hakujilalia.

Nikasema, "Lala hapa
saa mbili." Akaapa
macho yake ni ya papa,
hayajui kusinzia.

Ikawa kiti cha nyuma,
ghorofa tatu, kilima;
mkanda wa usalama
kama mwana nikatia.

Basi nikafanya langu:
nikakunja kanga yangu,
asilie, "Ole wangu!"
kiunoni kamtia.

Pochi mfukoni nyuma,
ya risiti, si ya chuma,
yamwinamisha, yauma;
nikaitoa: "Tulia."

Mkono wa dirishani
jua hula kama kuni;
soksi yake ya zamani
ncha nilimkatia.

Embe bichi, pilipili,
maji, chupa mbilimbili,
bila nyama, bila wali,
tumbo zito husinzia.

Gongoni, chumvi yang'ara;
nikasifu. Akafura:
"Wajua yao ijara?"
Ubishi ukaingia.

Marereni tukabisha
mahari ya Mwanaisha,
na nani aliangusha
birika la Bi Safia.

Lali mimi namjua:
mvua atasema jua,
ukifunga, afungua,
neno hajaniridhia.

Kupita Garsen, ni nyika,
lami uzi ulonyoka,
joto juu lachemka,
maneno yakafifia.

Akajikuna kidevu,
akakohoa kikavu,
mara moja, kwa uvivu,
mstari kaukalia.

Nikasema kwa sauti,
"Kuku wana meno, eti?"
Macho yake yako kati:
"Naam," akanijibia.

"Lile birika ni wewe?"
"Naam." Moyo kama jiwe:
Lali huyu si mwenyewe,
macho wazi, asinzia.

Tairi kwenye kokoto
likavuma kama mto;
nikaita kwa mkato,
usukani kashikia.

Tukasimama pembeni.
Mbuzi wawili njiani
wakatutazama: "Nini?"
Hatuna la kuwambia.

"Nitafungua dirisha,
na redio nitawasha,
maji usoni kuosha,
hapo nitazindukia."

"Redio haina dawa,
wala upepo wa hewa;
deni la usiku huwa
usingizi hulipia.

Ufunguo." Akasita.
Leseni nilipopata,
mwaka wa saba wapita,
kabatini yatulia.

Nikavuta kiti mbele,
vioo hivi na vile,
gia moja, polepole,
lami ikaniridhia.

Akalala kinywa wazi
kama mtoto wa juzi;
kizuizi, kizuizi,
askari wakapungia.

Witu nikashuka tena,
magoti yakigombana,
nikanywa maji ya jana,
hatua mia na mia.

Hindi alipozinduka,
akaona, akaruka:
"Gia nne? Itachoka!
Tatu ndiyo ya kutia!"

"Na birika? Ulikiri."
"Nani? Mimi? Huna kheri!
Ndoto hiyo! Ushairi!
Ni wewe, nakuapia!"

Hadi Mokowe gatini
alibisha, nami ndani
ya moyo ni shukurani
kila alipobishia.

Keki? Ilifika wima,
ufa mmoja kwa nyuma;
asema ni yangu dhima,
kwa gia niliyotia.

Nikajibu neno moja:
"Naam." Lali akangoja;
kubisha, hakuna hoja;
kauliza: "Wasinzia?"