Kushoto, Amebaki Mmoja

Mume wangu hajawahi kumpiga mtu.
Hata ng'ombe humsukuma kwa kiganja,
akisogea humwambia ndaga.
Miaka ishirini na sita alipima chai pale Kyimo,
karani wa mizani, kalamu nyuma ya sikio,
na hakuna mkulima aliyelala na kinyongo
kwa kilo iliyopotelea kwake.

Basi niambieni, usiku ule wa masika,
mvua ya Tukuyu ikigonga bati kama inadai deni,
ngumi ile ilitoka wapi.
Ilinipata hapa, chini ya bega.
Naye amefumba macho, anafoka:
"Tokeni! Tokeni shambani!"
miguu ikikimbia ndani ya blanketi.

Asubuhi aliililia ile alama kuliko mimi.
Nguruwe, alisema. Nguruwe-mwitu, kundi zima,
wameingia kwenye viazi vya mama.
Mama yake alikufa mwaka tuliooana.
Viazi vile vilishakuwa migomba,
na migomba ikawa nyumba ya Lugano, mwanetu.

Nikanyamaza. Ndoa ina stoo yake.

Subilaga aliliona bega nikichota maji,
akauma mdomo, akasema nyumbani kwenu kuna kitu.
Mzee wa kanisa akaja, akaomba mpaka chai ikapoa.
Wifi akaleta majani ya kufukiza, hakusema ya nini.
Mimi nikaweka gunia la maharage katikati yetu,
nikajifunza kulala kama mtu aliyelala kando ya barabara.

Miaka sita hivyo.

Halafu ndizi zikaungua, moshi umejaa nyumba nzima,
naye amekaa palepale na gazeti,
anauliza chakula kitaiva saa ngapi.
Pua ilishaondoka bila kuaga.
Halafu daftari la chai: nane zake,
zilizokuwa nene kama vibuyu,
zikapungua ukurasa kwa ukurasa
hadi zikawa sisimizi.
Meneja akadhani anaficha kitu.
Yeye ndiye aliyekuwa anafichwa.

Kidole gumba kilipoanza kuhesabu
noti zisizokuwepo,
tulikwenda Mbeya.

Daktari alikuwa binti wa rika la Lugano.
Alimwambia atembee, akatembea.
Alimwambia aandike jina, akaandika Anyosisye
kwa herufi za kuombea radhi.
Kisha akanigeukia mimi:
"Na usiku, mama? Analalaje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza.
Nilimweleza nguruwe wote, mmoja mmoja.

Akaweka kalamu chini.
Akasema mtu akiota, ubongo huufunga mwili kamba
usije ukaifuata ndoto;
kwake kamba zilianza kulegea zamani,
kabla ya pua, kabla ya kalamu, kabla ya kidole.
"Si kila arushaye teke usingizini," akasema,
"lakini kwa huyu, wewe ulijua kwanza."

Nilijua kwanza!
Miaka sita nimebeba barua begani,
imeandikwa kwa ngumi,
na mimi nakanda kwa maji ya chumvi.

Sasa vifungo vya shati vinamaliza taarifa ya habari yote.
Mlangoni miguu huganda, kama kizingiti ni mto;
namwekea ufito chini auruke, ndipo apite.
Ile besi ya kwaya imebaki mnong'ono,
namwambia rudia, anarudia, nasema ndiyo
hata nisiposikia.

Ila usiku.
Usiku ile besi inarudi yote, bati linaitikia.
Mkono hautetemeki. Miguu ni ya kijana
aliyeambiwa na mama yake alinde viazi.
Godoro lake tumelishusha sakafuni,
langu liko ng'ambo ya chumba,
nalala macho wazi, nikimsikiliza akikimbia.

Zamani ningemwamsha.
Juzi, mvua imekatika, ukungu umeshuka mpaka dirishani,
nilimsikia akihema, amechanganyikiwa, anatafuta.
Nikamwita polepole gizani:
"Kushoto, Anyosisye. Amebaki mmoja, kushoto."

Akageuka kushoto.