Kangomba

Mimi ni karani wa mizani, ghala la ushirika, Newala.
Msimu ukifunguliwa magunia hupanda mbele yangu,
nami husoma namba kwa sauti
ili mkulima asikie, na mwizi asikie.
Sijawahi kukosea ila gunia moja,
nalo lilikuwa linalala chumba cha pili, nyumbani kwetu.

Mfaume, mdogo wangu, miaka kumi na sita.
Mrusha tufe wa shule,
aliyeshindwa kwa shubiri moja kule Masasi
akarudi na kimya kimemjaa hadi kooni.
Mwezi wa tatu alikuwa mwembamba.
Mwezi wa tano shati lilimpasuka mgongoni,
mama akacheka, akashona, akasema:
"Ugali wa muhogo huo! Nani alisema hauna nguvu?"
Nikajivuna nami. Hilo nalo lihesabiwe.

Unajua bibo linavyofanya.
Wiki nyingi ni korosho peke yake,
kijani, ngumu, haina haraka.
Halafu, siku chache tu, bibo linavimba,
jekundu, linameta, kila mpita njia analisifia.
Jioni limedondoka. Asubuhi nzi.

Vipele vilimtoka mabegani, vya usaha.
Tukasema joto.
Alimzaba Dadi kofi kwa sababu ya kijiko.
Tukasema balehe.
Akaanza kuvaa fulana mbili juani, kuoga usiku,
kumbe kifua kilikuwa kinamwota kama cha msichana,
na kwingine, alikuja kumwambia daktari
huku akitazama ukuta,
kulikuwa kunanyauka.

Vichupa nilivikuta ndani ya gunia la pumba.
Vitatu. Maandishi ya nchi nisiyoijua,
na picha ndogo ya fahali.
Muuzaji ni Likumbo, mwenye vyuma vya kunyanyua
alivyovimimina kwa saruji katika makopo ya rangi.
"Wote wanatumia," alimwambia. "Wewe tu umechelewa."
Na fedha? Korosho za bibi, zikiwa bado maua,
bakuli kwa bakuli, kangomba,
kwa mtu yuleyule ninayemfukuza getini kila Oktoba.

Nikakaa chini nikapiga hesabu.
Mwenye shida huuza leo mavuno ya Novemba
kwa bei ya kicheko;
Novemba ikifika, mikorosho ni yake, korosho si zake.
Ndivyo alivyofanya.
Aliuza kangomba moyo wake,
ini, mifupa ya miaka ijayo,
apate shubiri moja.

Na aliipata, sitaficha. Lindi, mwezi wa sita,
tufe lilitua mbali, watu wakasimama.
Siku ya tatu, usiku, alianguka akienda chooni.

Ndanda, daktari alichora moyo nyuma ya bahasha:
ukuta umenenepa hapa, chumba kimebana hapa.
"Moyo nao ni msuli, dada.
Sindano haijui kuupa mkono ikaunyima moyo."
Presha ya mzee wa miaka sitini.
Kisha picha ya goti, akaiinua dirishani:
"Mfupa hurefukia hapa. Kwake pameshafungwa."

Ghalani tuna kisu. Tunachota korosho, tunapasua,
kwa kuwa ganda, hata ling'ae vipi, halili mtu.
Nimepasua maelfu.
Yeye nilimpitisha kwa macho.

Mwimo wa mlango wetu una mikwaruzo.
Kila Idi mama hutusimamisha, anatupima.
Mkwaruzo wa Mfaume haujasogea Idi mbili.
Mwaka huu Dadi, miaka kumi na tatu, akaegemea mwimo,
mama akainua kisu, akakishusha.
Mfaume ndiye aliyekichukua.
Akakwaruza juu ya alama yake, vidole viwili,
polepole, mstari ulionyooka,
akapuliza vumbi la mti,
akaenda kutafuta maji ya kumezea vidonge.