Daftari la Vipimo

Daktari Evaristo Quaresma.
Kifua, sentimita mia na nne; bega la kushoto limeshuka kidogo.
Alitaka koti jeusi la kuhutubia,
kwapa liwe pana, mkono upande juu
bila mshono kulalamika.
"Nipime ngumi ikiwa hewani," akaniambia.
Nikampima hivyo. Alichoka kabla yangu.

Mimi ni fundi cherehani wa Mouraria, hapa Lisbon,
ngazi tatu chini ya barabara; dirisha langu huona viatu tu.
Walikuja usiku, mmoja mmoja, wakijifanya wateja,
mwishowe wakawa wateja kweli,
maana mapinduzi nayo yana mavazi yake:
hakuna aliyetaka kumng'oa mfalme na kiraka matakoni.

Luteni Baltasar Frazão, jeshi la majini.
Kiuno sabini na nne, mguu mrefu kama nguzo ya taa.
Aliagiza mfuko wa siri, upande wa moyo.
Nikauliza kina chake. Akatoa bastola, akailaza
kati ya mkasi na chaki,
nikaizungushia mstari
kama mtoto anayechora kiganja chake.
Mikono yake ilinuka grisi na machungwa.
Kuhusu uhuru hakusema neno.
Aliuliza tu kama sufu hurudi ikilowa.
Hurudi, nikamjibu.

Bi Leocádia Salgueiro hakuwa na nafasi
katika daftari la wanaume.
Nilimwandika ukurasa wa nyuma, pamoja na madeni.
Zile hotuba zilizomtoa daktari jasho
yeye ndiye aliyezitunga, akisahihisha madaftari ya watoto wa shule.
Alileta gauni la marehemu mamake nilipunguze;
ndani ya pindo nikashona karatasi ishirini.
Akitembea, zilisema chakara, chakara,
na askari wa doria wakadhani ni hariri.

Gaudêncio, mpiga chapa, hakupimwa.
Alisimama mlangoni, vidole vyeusi, akiogopa kugusa kitambaa.
"Nitakwenda na hilihili," akasema.
"Mfalme hanijui, na hiyo jamhuri nayo haitanijua."
Nilicheka. Nilidhani anatania.

Usiku ule wa Oktoba, mizinga ilipoanza mtoni,
pini zilicheza ndani ya kopo.
Nilikaa chini ya meza ya kukatia, nimekumbatia cherehani
kama mtu aliyeokoa mbuzi kwenye mafuriko.
Mfalme akaenda zake.
(Sikumshonea mimi; alikuwa na fundi wake.
Mimi nilishona sare za watumishi wake wa mlangoni,
na bili ya mwisho sijalipwa hadi leo.)
Kulipokucha, dirishani, niliona viatu vinakimbia,
kisha viatu vinacheza,
kisha miguu mitupu, mingi,
ambayo jana haikuwa na kiatu
na leo vilevile.

Mwaka haujaisha, Quaresma amerudi. Waziri sasa.
Kifua kilekile. Kiuno, ongeza saba.
"Hilo kwapa lipunguze," akasema, "linanipwaya."
Nikalipunguza. Mkono hauhitaji tena kupanda.

Bi Leocádia naye alikuja, akaweka gauni mezani.
Nilipofumua pindo, karatasi zilikuwa bado mle,
zimelainika kama kitambaa cha jasho.
Wamemwambia kura ianze kwa wanaume,
wamemwambia subira huvuta heri.
"Na kamba je," akauliza, "huvutwa na nani?"
Akanitaka nisilikate pindo,
niliache pana.

Gaudêncio sijui aliko. Nimeuliza.

Koti la luteni lipo hapo, kwenye msumari.
Nimelipiga pasi mara mbili, kwa aibu tu ya vumbi.
Mfuko wa siri niliushona vizuri mno;
siku hizi naweka humo chaki.
Juzi paa lilivuja usiku kucha, likalowa lote,
nikalianika, nikalipima tena kwa mazoea.
Limerudi kidogo, kifuani.
Yeye hajarudi.