Mbukwa

Nilirudi Hombolo na kompyuta mgongoni,
na picha elfu sita za majani ya mzabibu,
nusu mazima, nusu yenye ubwiri.
Kila jani nililaza chini mwenyewe,
msimu mzima, magoti mekundu.

Mama alikuwa kitini, upande wa kulia umelala.
Tangu kiharusi cha Julai amebakiwa na neno moja.
Kikombe: Mbukwa.
Kidonge: Mbukwa.
Mimi, Sechelela wake, kitinda mimba: Mbukwa.
Anavisalimu vitu vyote sawasawa,
kama mgeni aliyeingia duniani asubuhi hii
na hataki kumkosea mtu.

Usiku niliifundisha mashine.
Kazi yenyewe ni ya muuza duka:
namba inaingia, inazidishwa kwa uzito wake,
zinajumlishwa; zikifika kiasi zinapita,
zisipofika zinakaa.
Hicho ndicho tulichokiita neva.
Jina tumeliazima kwa mwenye nalo,
kama mtoto anavyoitwa Babu
kabla hajaota jino.
Ikikosea, kosa linarudishwa nyuma, tabaka kwa tabaka,
kila uzito unasogea kidogo,
tunaanza tena. Mara mia. Mara elfu.
Feni yake inalia kama kinu cha kusaga uwele.

Na pale pembeni, gizani,
ile nyingine nayo ilikuwa kazini,
kwa nguvu ya uji na mlenda wa jioni,
haina feni.

Daktari Ndahani alinichorea juu ya kasha la dawa:
chembe moja, matawi huku, mkia mrefu kule,
na ncha ya mkia haimgusi jirani.
Pana ufa. Juu ya ufa zinarushwa kemikali
kama mtu anayemtupia mwenzake fundo la chumvi
ng'ambo ya uchochoro.
"Hapa barabara imekatika," akatia kivuli kwa kalamu.
"Zilizokufa hazirudi. Zilizobaki zitatafuta njia za panya."
Nikamuuliza: na kosa, zinarudishiwa na nani?
Akafikiri.
"Hilo," akasema, "bado wanabishana."

Kulipokucha, asilimia tisini na saba.
Nikachuma jani bovu, la kuonekana kwa macho,
nikaliweka juu ya kanga ya Mama, nikapiga.
Mashine: zima.
Nikachuma zima, nikaliinamia.
Mashine: gonjwa.
Hadi saa nne nilikuwa nakagua picha
ndipo nikaliona: majani mabovu yote
niliyapiga jioni, nikitoka shamba la mbali,
jua mgongoni.
Mashine haikujifunza jani.
Ilijifunza kivuli changu.

Mama alilichukua lile bovu kwa mkono wa kushoto,
mkono ambao maisha yake yote haukushika mkasi.
Akaligeuza.
Chini, ndiko ubwiri unakoanzia,
upande ambao sikuupiga picha hata moja.
Akalisugua kwa dole gumba. Akalinusa.
Akalitupa ndani ya jivu, mbali na mizabibu.

Nani aliufundisha huo mkono?
Miaka thelathini ya mkono wa kulia
ilivuka lini, kwa uchochoro gani,
sisi tumelala?

Sisemi amepona. Mchana alilia kwa sababu ya kijiko.
Wala sisemi mashine ni mjinga:
ilitazama nilichoionyesha,
na mimi ndiye niliyesimama kwenye mwanga.

Kabla sijatoka aliweka kiganja juu ya kompyuta,
akausikia ule ujoto, kama wa mtoto mwenye homa.
Mbukwa, akaiambia.
Ikasubiri picha.

Nikachukua kamera, nikaingia shambani saa sita,
saa ambayo kivuli hakina pa kwenda,
nikaanza kugeuza majani kifudifudi, moja, moja.
Nyuma yangu nikamsikia anasalimu kitu kingine.
Sikugeuka kuona ni nini.